Ukakasi wa Chupa ya 2003

Kiswahili kina neno ambalo wahakiki wa mvinyo wangetuonea wivu: ukakasi. Ukila ndizi ambayo haijaiva, ukitafuna zambarau nyingi, au ukinywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni mpaka ikawa nyeusi, ulimi unakaza, fizi zinakauka na mdomo unahisi kama umepakwa unga. Huo ndio ukakasi. Ni tofauti na uchungu, ni tofauti na uchachu, na mtoto aliyekulia karibu na mzambarau anaijua tofauti hiyo kabla hajaanza shule.

Kwenye mvinyo mwekundu, kinachofanya kazi hiyo ni tanini, ambayo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kiasi kwenye mbao za pipa. Mvinyo mchanga wenye tanini nyingi unakukaba. Uliokaa vizuri kwa miaka mingi unalegea, kwa sababu chembechembe za tanini zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa kubwa na nzito, na nyingine zinashuka chini ya chupa kama mashapo. Hii ni moja ya sababu kubwa za watu kulaza chupa nyekundu gizani miaka 10 au 20. Wanangoja ukakasi utulie.

Neno hili lina maana nyingine pia. Siku hizi, hasa kwenye magazeti ya Tanzania, jambo lenye ukakasi ni jambo lisilomezeka: mkataba fulani, uteuzi fulani, kauli ya waziri. Nitatumia maana zote mbili kuhakiki chupa moja: Pinotage ya Stellenbosch, Afrika Kusini, mavuno ya 2003, iliyofunguliwa nyumbani kwa mtu Loresho, hapa Nairobi. Jina la shamba nimeliacha makusudi. Nataka kuzungumzia aina nzima ya kinywaji na aina nzima ya uandishi, na sitaki isomwe kama tangazo wala kama mashtaka ya shamba moja.

Nilifikaje Loresho? Kazi. Kuna mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anataka maisha yake yaandikwe, watoto wake wakanilipa niwe naenda mara mbili kwa wiki kumrekodi na kuandika. Kutoka Zimmerman ni matatu mbili na mguu kidogo. Chini ya ngazi za nyumba yake kuna stoo iliyochimbwa nusu ardhini, haina dirisha, ina rafu za mbao na kipimajoto kilichotundikwa kwa waya. Chupa kama 200 zimelala kwa ubavu, vizibo vikiwa vimelowa ili visikauke na kuingiza hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo hata bila mashine ya baridi, chumba cha namna hiyo hakipati joto la kuua mvinyo. Mombasa ungehitaji umeme usiku na mchana.

Tulipomaliza sura ya mwisho ya kitabu, alisema, "Binti yangu, leo tunywe kitu cha rika lako." Ilikuwa chupa ya tano kati ya sita alizobeba kwenye sanduku kutoka Cape Town mwaka 2005. Kumbukumbu za nne za kwanza alikuwa nazo zote: harusi, mazishi, kustaafu, na siku moja ambayo umeme ulipotea na hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Sasa tuingie kwenye glasi.

Kizibo kilitoka vipande viwili. Hilo ni kawaida kwa chupa ya umri huo, na mzee alikuwa ameshaandaa kitambaa safi na jagi la kioo. Alimimina polepole sana, tochi ya simu ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, akasimama mara tu mashapo yalipoanza kusogea. Kilichobaki chini kilikuwa kama vidole viwili vya tope jeusi.

Rangi: katikati bado nyekundu iliyokolea, lakini ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, ukingoni imegeuka rangi ya tofali. Mvinyo mwekundu mchanga huwa na zambarau pembeni. Huu ulikuwa umeshavuka huko zamani.

Harufu, dakika ya kwanza: stoo. Ngozi ya mkoba wa zamani, udongo baada ya mvua ya kwanza, na moshi wa mbali. Matunda hakuna. Nilidhani umekufa. Mzee hakusema kitu, alikuwa anakata jibini.

Harufu, baada ya nusu saa: squash ya ukwaju. Naandika ukwaju kwa sababu ulikuwa ukwaju, ule uliochemshwa na sukari mpaka ukawa mzito. Nyuma yake kulikuwa na plamu iliyoiva kupita kiasi na kitu cha tumbaku ambayo haijawashwa.

Mdomoni: mwepesi kuliko nilivyotarajia. Uchachu bado uko hai, na huo ndio ulioubeba mvinyo wote. Ukakasi ulikuwa umebaki kidogo sana, kama kitambaa cha hariri kinachopita kwenye ulimi, sehemu za nyuma tu, halafu unaondoka. Ladha ilikaa baada ya kumeza, nikahesabu kimoyomoyo mpaka 20 na kitu.

Baada ya saa mbili: ulikuwa unaondoka. Ukwaju umepungua, moshi umerudi, na kulikuwa na ncha ya siki ambayo haikuwepo mwanzoni. Mvinyo wa miaka mingi ukifunguliwa una saa chache za kuongea. Usipokuwa mezani wakati huo, umekosa.

Hapo ndipo wahakiki wengi wangeweka alama na kwenda nyumbani. Mimi naona uhakiki umefika nusu.

Tuanze na lugha yenyewe. Mvinyo una msamiati wa kimataifa uliopangwa. Miaka ya 1980, mwanasayansi wa Marekani, Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichora gurudumu la harufu: katikati maneno ya jumla kama tunda, maua, mbao, halafu unatoka nje kuelekea maneno mahususi zaidi. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka watu waache kusema mvinyo ni wa kifahari au wa kipuuzi, waseme unanukia nini hasa. Shida ni kwamba gurudumu hilo lilijazwa matunda ya bustani za wenyewe. Ukisoma maelezo ya mvinyo hapa Nairobi, nyuma ya chupa au kwenye menyu ya hoteli, unaambiwa kuna matunda ya beri ambayo wengi wetu tumeyaona kwenye paketi ya yoghati tu. Unainua glasi, unanusa, hupati hizo beri, unaamua pua yako ndiyo mbovu.

Pua yako haina shida. Inahitaji kuruhusiwa kusema ukwaju.

Lakini kubadilisha beri kwa zambarau na kutangaza kwamba tumeukomboa mvinyo ni kazi rahisi mno. Nimeona mikahawa ikifanya hivyo, maelezo yaleyale ya majigambo, tunda la kwetu limebandikwa juu, bei imepanda. Kuna mtu mmoja aliyenionyesha jioni ile kwamba Kiswahili kinaweza kufanya zaidi ya hapo, na mtu huyo alikuwa jikoni.

Mpishi wa mzee ni mtu wa Kaloleni, kule Kilifi. Baba yake alikuwa mgema. Mzee alimwita aonje, na naona ilikuwa desturi yao kwa sababu alikuja na glasi yake mwenyewe. Alinusa mara moja, akaonja, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Hili limelala sana, lakini halijachacha. Limebakisha hatua moja kufika siki."

Nilirudi kwenye daftari langu. Mstari wangu wote kuhusu uchachu ulioubeba mvinyo, na ncha ya siki niliyokuja kuigundua saa moja baadaye, yeye aliusema kwa sentensi mbili kwenye funda la kwanza. Na aliusema kwa msamiati wa fani. Mgema ana majina ya hatua: tembo tamu la asubuhi, tembo kali la jioni, lililolala, lililochacha, siki. Ni ratiba nzima ya kinywaji kugeuka, na inasomwa kwa ulimi. Mvinyo wa zabibu hupita njia hiyohiyo, tofauti ni mwendo. Mnazi unaanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti, maana hamira ya porini inaingia kwenye utomvu mara tu unapoanza kudondoka, na ndani ya siku moja umetoka utamu hadi ukali. Mvinyo wa Stellenbosch umefungwa kwenye kioo na kizibo kinachopitisha hewa kidogo mno, na safari inachukua miaka 20.

Nikamuuliza, "Baba, kwenu kuna mtu huweka tembo likae makusudi?"

Alicheka. "Mwanangu, kwetu anayelaza tembo ni yule aliyekosa wateja."

Mzee alicheka pia. Mimi niliandika hiyo sentensi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria kuliko mvinyo wenyewe. Kwa sababu kinywaji kilekile kinachogeuka, sehemu moja kukaa ni hasara ya mwuzaji na sehemu nyingine kukaa ni thamani. Kinachotofautisha ni kemia kwa kiasi, na kwa kiasi kikubwa ni nani ana uwezo wa kungoja.

Fikiria kinachohitajika ili chupa ifike miaka 20. Inahitaji mtu aliyeinunua bila haja ya kuinywa. Inahitaji mahali penye giza, baridi na utulivu. Zaidi ya yote inahitaji anwani ambayo haibadiliki. Tangu nitoke chuoni mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, nimehama mara tano. Mara mbili kwa hiari, mara tatu kwa sababu mwenye nyumba alipandisha kodi au mimi nilichelewa. Kila safari kuna kitu kinavunjika au kinauzwa. Chupa ile imekaa rafu moja tangu 2005. Nikiwa naihakiki kwa uaminifu lazima niseme: sehemu ya nilichoonja ni ladha ya nyumba ambayo haijawahi kuhamwa.

Methali zetu zinasifu subira. Mvumilivu hula mbivu. Sawa, ila methali hiyo inachukulia kwamba mti ni wako. Kwa mtu wa kupanga, ukivumilia sana mbivu inaliwa na mpangaji anayekuja baada yako. Maandishi ya mvinyo yanarudia kosa hilohilo kwa heshima zaidi: yanasifu subira ya mnywaji kana kwamba ni tabia njema, kumbe mara nyingi ni hati ya nyumba.

Mwaka wenyewe wa 2003 unafanya hili liwe gumu kulikwepa. Huko kusini mwa dunia zabibu huchumwa Februari na Machi. Mwezi mmoja kabla ya mavuno hayo, Januari 2003, serikali mpya ya Kibaki ilifungua shule za msingi bila karo, na zaidi ya watoto milioni moja wa ziada wakaingia darasani. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Picha iliyoko nyumbani inamwonyesha amevaa sweta la kuazima, anacheka na mapengo. Nchi nzima iliambiwa ingojee matunda. Wengine walikuwa na stoo ya kungojea. Wengine tulifika chuo kikuu, tukakuta mlango wa karo uko palepale.

Sitaki kusingizia zabibu mambo ya Kenya. Pinotage ina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayoifanya chupa hii kuwa kitu cha kujadiliwa kwa makini.

Mwaka 1925, profesa Abraham Izak Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alivusha chavua kati ya zabibu mbili za Ufaransa: Pinot Noir, ambayo ni dhaifu na ya kudeka, na Cinsaut, ambayo inavumilia jua na wakati huo huko Cape iliitwa Hermitage. Jina Pinotage limetoka hapo. Alipata mbegu nne tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba ya chuo. Mwaka 1927 aliacha chuo akaenda kufanya kazi kwenye chama cha ushirika cha KWV, na miche ikabaki. Bustani iliota magugu, chuo kikatuma watu waisafishe. Simulizi inayokubalika ni kwamba mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alikuwa anapita kwa baiskeli, akawaona, akaiokoa miche hiyo. Zabibu maarufu kuliko zote zilizobuniwa Afrika Kusini ilikuwa dakika chache kutupwa na takataka.

Kisha ikaja hukumu. Mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulitengenezwa 1941. Mwaka 1961 jina la zabibu hiyo likaonekana kwa mara ya kwanza kwenye lebo, chupa za Lanzerac za mavuno ya 1959. Katikati ya miaka ya 1970, wataalamu wa mvinyo kutoka Uingereza walitembelea Cape na kuidharau. Walisema ladha yake inakumbusha misumari yenye kutu. Dharau hiyo iliitafuna Pinotage kwa miaka. Wakulima waling'oa mizabibu. Halafu mwaka 1991 Beyers Truter wa Kanonkop, shamba lililojulikana kwa Pinotage, akatajwa mtengenezaji bora wa mvinyo kwenye shindano la kimataifa huko London, na ghafla zabibu ileile ikawa fahari ya taifa.

Tusijidanganye, walioikosoa hawakuwa wanaota. Pinotage iliyochachuliwa vibaya, kwenye joto kali, inaweza kunuka rangi ya kucha au ndizi mbivu kupindukia, na ukakasi wake unaweza kuwa wa kukwaruza. Ninachokiona hapa ni kwamba mara zote mbili, kushushwa na kupandishwa, rungu lilikuwa mkono mmoja. London ilisema ni mbaya, ikawa mbaya. London ikasema ni nzuri, ikawa nzuri. Sisi tunaoandika kutoka Nairobi tunaijua hiyo hali vizuri, maana vitabu vyetu navyo hupitia mlango huohuo.

Ila kuna kitu ambacho hukumu zote mbili hazikukitaja, wala lebo ya chupa ya mzee haikukitaja, na hicho ndicho ukakasi wa maana ya pili.

Mvinyo wa Cape ulikamuliwa kwa mara ya kwanza Februari 1659, katika siku za Jan van Riebeeck, na mashamba yalikua kwa mikono ya watumwa. Baada ya utumwa kukomeshwa ulibaki utaratibu ulioitwa dop: mfanyakazi wa shamba alipewa mvinyo hafifu mara kadhaa kwa siku kama sehemu ya ujira wake. Sheria ilikuja kuupiga marufuku miaka ya 1960, lakini kwenye baadhi ya mashamba uliendelea kwa miongo mingine. Matokeo yake hayakukaa kwenye chupa. Jimbo la Western Cape lina jamii zenye viwango vya juu kabisa vilivyowahi kurekodiwa duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyoipata tumboni. Hao ni watoto wa watu waliochuma zabibu.

Angalia mpangilio huo. Katika bonde moja, kinywaji kimoja. Mwenye shamba analaza mvinyo mzuri miaka 20 ili ukakasi utulie. Mchumaji analipwa mvinyo mbaya leo, aunywe leo, ili kesho arudi. Mmoja alipewa muda, mwingine alinyimwa. Ukiandika kuhusu ngozi, tumbaku na ukwaju pekee, umeeleza glasi kwa ufasaha na umeficha meza.

Najua swali linalokuja: kwani kila kinywaji lazima kibebe historia ya dunia nzima? Mtu hawezi kufurahia tu? Anaweza. Mimi nilifurahia. Ningekuwa mwongo nikisema kila funda lilikuwa na majonzi. Kwa dakika kama 40 hivi, kati ya ukwaju kufunguka na siki kuanza, mvinyo ule ulikuwa mojawapo ya vitu vizuri zaidi nilivyowahi kuweka mdomoni, na mimi ni mtu wa sherehe za keja ambako mvinyo ni wa boksi, mtamu, umewekewa barafu kwenye kikombe cha plastiki. Sitaudharau huo wa boksi pia. Umetengenezwa unywewe mapema, kama mvinyo mwingi unaouzwa duniani, na unafanya kazi yake kwa uaminifu kuliko chupa nyingi zinazojifanya za kuzeeka.

Kuandika ni kitu kingine. Anayeandika uhakiki amechukua jukumu la kumwambia msomaji kitu gani kiko mbele yake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumkanya mgema. Nadhani inamhusu mhakiki zaidi. Ni yeye aliyesifu bila kuangalia, ni yeye aliyefanya maji yaonekane hayatajulikana. Uandishi wa mvinyo umekuwa wa kusifu kwa muda mrefu sana, na hata pale unapokosoa, unakosoa kwa namba. Mwanasheria wa Marekani, Robert Parker, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978, alifanya mizani ya alama 100 iwe kawaida dunia nzima. Namba ina faida moja, mnunuzi anaielewa haraka. Hasara yake ni kwamba namba haiwezi kusema chupa hii ni nzuri na ina ukakasi kwa wakati mmoja. Inajumlisha, halafu inafuta ilichojumlisha.

Kwa hivyo hukumu yangu naiandika kwa maneno.

Hii ni Pinotage iliyotengenezwa kwa uangalifu na mtu aliyejua anaifanyia nini. Kilele chake nadhani kilipita miaka mitano au sita iliyopita. Kilichobaki kina heshima: uchachu uliosimama wima, ukwaju, moshi, ukakasi uliotulia karibu wote. Aliye na chupa ya mavuno hayo aifungue sasa, asisubiri sherehe. Aimimine kwa mkono mtulivu, aiache nusu saa, ainywe ndani ya saa moja na nusu, na awe na mtu mezani anayejua siki ikoje.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye lebo. Lebo inaeleza udongo, mlima, upepo wa baharini, mapipa ya Ufaransa na miezi ya kulala. Hakuna hata mkono mmoja wa mchumaji. Ni hadithi iliyosimuliwa na mmiliki, ambamo zabibu zinajichuma zenyewe. Kama ingekuwa riwaya ningesema mwandishi anajua mandhari lakini hajui watu.

Na kuhusu subira. Mzee aliniambia chupa ya sita ataiacha, labda miaka mingine mitano. Mpishi, aliyekuwa anakusanya sahani, alitikisa kichwa akasema, "Mzee, hiyo ukiiacha utakuja kutilia kachumbari." Kati ya wahakiki watatu waliokuwepo, mimi nakubaliana naye. Tanini inatulia yenyewe ukiiacha gizani. Huo ukakasi mwingine sijaona mahali popote ambapo kuuacha gizani kumeusaidia, na mhakiki anayekaa nao mezani bila kuutaja anasaidia kukaza kizibo.